Nafuu Si Kupona
Ndugu wakulima wa Kasense, baada ya palizi shamba la ulezi huwa safi. Lakini mizizi ya magugu ingali chini.

Ndivyo ilivyo aina moja ya saratani ya damu. Mara nyingi huvimbisha bandama. Hutibiwa kwa vidonge vya imatinibu, kila siku. Wagonjwa wengi nchini wamevipata Ocean Road, Dar es Salaam. Bandama ikinywea, mgonjwa husema: nimepona. Bado!

Kila miezi 3 damu ipimwe. Mashine huhesabu alama za ugonjwa ambazo darubini haioni. Baada ya miezi 3 zisizidi 10 kwa 100. Baada ya mwaka, 1 kwa 1,000. Zikipanda, daktari huuliza: umemeza kila siku? Huenda akabadili dawa.

Usiache dawa mpaka daktari aseme.