“Mutakula maua?” Jibu letu

Swali hili tumeulizwa na watu wa kila namna: mama jirani, mchungaji, mgeni wa mradi aliyepanda ngazi mpaka gorofa ya pili kutusalimu, hata wenzetu wa rika letu. “Ninyi munapanda maua, mutakula maua?” Halafu kicheko.

Hapana, hatutayala. Na njaa tunaijua, wengine wetu kuliko hao wanaocheka. Leo tunajibu kwa maandishi, mara moja, ili tusirudie kila jioni kwenye ngazi.

Kwa wasiotujua: sisi ni vijana wa Kongo, wengi wa Kivu zote mbili, tunaishi Kampala. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na inasifiwa duniani kwa sababu mkimbizi anayekubali kwenda Nakivale, Kyangwali au Kyaka II anapewa kipande cha ardhi alime. Ni jambo jema, hatulidharau. Lakini aliyebaki mjini anajitegemea mwenyewe: hana mgao, hana shamba, ana kodi ya chumba kila mwezi. Ardhi yetu ni balkoni. Wengine hawana hata hiyo, wana kizingiti cha muzigo na ukuta wa jirani. Balkoni yetu upana wake ni hatua moja na nusu, vyumba 5 vinapitia hapo hapo, na humo humo kuna kamba za nguo, majiko ya mkaa, vidumu vya maji, viatu, watoto.

Hapo tumepanga ndoo na makopo 11. Manne ni ya lengalenga na vitunguu vya majani. Saba ni ya maua. Sasa angalieni: hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kucheka lengalenga. Lengalenga linapigwa picha. Wageni wa mradi wanaliinamia, wanauliza limepandwa lini, wanaandika kwenye daftari. Wakifika kwenye maua wananyamaza, au wanauliza lile swali.

Kuna shirika moja tuliliandikia ombi, jina tunaliacha. Tuliomba magunia, udongo, mbegu za mboga, na mbegu za maua. Mboga zikakubaliwa. Mstari wa maua ukarudi umepigwa kalamu, pembeni wameandika kwamba hayo si mahitaji. Pesa ya mstari ule haikufika bei ya soda za siku moja ya semina. Soda zilikuwa mahitaji, inaonekana.

Sisi tunasema hivi: tumechoka kuhesabiwa kama matumbo. Kila kitu cha mkimbizi lazima kijieleze. Ukicheza mpira, ni kwa ajili ya amani. Ukiimba, ni kuponya majeraha. Ukishona, ni kipato. Hakuna kitu unachofanya kwa sababu unakipenda tu, kama watu wengine.

Kuna marafiki wanaotaka kututetea kwa njia ya faida. “Waambieni maua ni biashara, Uganda inauza waridi Ulaya, na wale wauza miche wa pembeni ya barabara wanalisha familia zao.” Kweli. “Waambieni maua ni dawa.” Kweli pia. Lile ua la Madagaska lenye petali 5, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo huku linaota kila mahali, ndimo zilimotoka vinkristini na vinblastini, dawa za saratani, hata ile ya damu inayoshika watoto. (Na ni ua lenye sumu, mtoto asilitafune.) Lakini njia hiyo hatuifuati. Ukikubali kwamba ua lazima lionyeshe faida ndipo liruhusiwe, umeshakubali sheria ya wale wanaocheka. Mwenye jumba kule Kololo haulizwi maua yake yanaleta nini mezani. Anapanda, anamwagilia kwa mpira, basi.

Wengine watasema: mwaka 2025 Goma imechukuliwa, Bukavu imechukuliwa, makambini mgao wa chakula umekatwa, na ninyi munaandika maua? Ndiyo, tunaandika. Mwisho wa Januari ile hatukulala, simu mkononi, tunatafuta nani anajibu na nani hajibu. Tuliokuwa na kitu tulituma. Asubuhi mtu mmoja akamwagilia ndoo kwa sababu zilikuwa kavu. Dhambi iko wapi hapo? Makopo tuliokota, vikonyo tuliomba kwa watu, maji ni yale yaliyooshea mchele. Anayesema ua letu limemnyang’anya mtu chakula, atuonyeshe sahani yenyewe.

Kwa wazee wetu tunashusha sauti, maana hao hawachekeshi, wanaumia. Mzee mmoja wa jengo letu alisema anayepanda maua ugenini amesahau nyumbani. Baba zetu, mama zetu, kwa heshima yote. Mulifika mukisema ni miezi michache, na mpaka leo kuna masanduku chini ya vitanda hayajafunguliwa yote. Sisi tulifika na miaka 4, miaka 6, miaka 9. Sasa tuna 20 na kitu. Hii munayoiita ya muda, kwetu ndiyo maisha yenyewe, hatuna mengine tuliyoyaweka pembeni. Halafu tukumbushane kidogo: nani alipanda maua mlangoni pa parsele kule Goma, kule Bukavu? Ukuta wa mawe meusi ya volkano na bogenvilia imepanda juu yake, hiyo tuliiona kwenu. Picha chache mulizokimbia nazo, angalieni watu wamesimama mbele ya nini. Hatukusahau nyumbani, tumeiga.

Tena ndoo si mwembe. Aliyepanda mwembe anataka kubaki, hapo tungekubali mzee ana hoja. Sisi hatuna hati ya kiwanja, wengi hatuna hata mkataba wa chumba ulioandikwa, ndiyo maana tunapanda kwenye kitu chenye mkono wa kubebea. Kodi ikipanda tunahama, na ndoo inahama. Jeraniamu yetu moja imekaa nyumba 3 sasa, na safari ya mwisho ilikuja juu ya boda, imeshikwa magotini.

Na eti maua ya makopo ni mambo ya wazungu. Hii inatuudhi kuliko zote. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau huko Tanga na Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata wataalamu wa kule wakaliandika kwa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo linauzwa katika vichungu Ulaya na Marekani, linakaa madirishani kwa bibi za watu, huku misitu lilikotoka inazidi kukatwa. Kwa hiyo ua la kwetu lina ruhusa ya kukaa kwenye kichungu London, ila sisi tukiliweka kwenye kopo la Nido Kampala, tunaiga wazungu.

Anabaki mwenye nyumba. Huyu ana maneno mawili ya kweli na moja la uongo, tuyatenganishe. La kwanza la kweli ni uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30, na ndoo ya namna hiyo ikining’inizwa nje ya vyuma vya balkoni siku moja itamuua mtu chini. Kwa hiyo vyombo vikubwa vinakaa sakafuni, vimeegemea ukuta wa jengo, si ukingoni. Juu ya vyuma hatuweki kitu, hata kopo. La pili la kweli ni mbu. Sahani ya kukingia maji chini ya ndoo, ukiiacha wiki na kitu, inatoa mbu wazima. Sisi sahani tumeziondoa. Ndoo inakaa juu ya vipande 2 vya tofali, maji yanayotoka ni machache kwa sababu tunamwagilia kidogo.

La uongo ni kwamba maua yanachafua jengo. Kwenye balkoni hiyo hiyo kuna magunia ya mkaa, mazito kuliko ndoo zetu, yanatoa vumbi jeusi mpaka kwenye nguo za watu, na hakuna aliyewahi kuambiwa ayatoe. Kwa hiyo si uchafu. Ni kwamba ua linaonekana kama mpangaji amejiona yuko kwake. Tunachomwomba ni kidogo: atuonyeshe mahali ambapo ndoo zikae. “Ondoeni” si jibu kwa mtu anayelipa kodi.

Kwa anayetaka kuanza, yale tuliyoyashika ni haya. Toboa chini, matundu 5 au 6 kwa msumari wa moto. Ndoo isiyo na matundu inaozesha mizizi, na ua hufa likiwa limejaa maji huku wewe unafikiri lina kiu, unaongeza. Udongo mweusi peke yake hugeuka tofali ndani ya kopo. Changanya na samadi iliyokauka na makapi ya kahawa yaliyokwisha kuoza, yapo Kampala hii na watu wanayatupa. Maji asubuhi, baada ya kuchomeka kidole: kikitoka na udongo, acha mpaka kesho. Ya sabuni na mafuta usimwage humo. Balkoni yetu inatazama magharibi, jua la saa 8 mchana linapika kopo mpaka hulishiki, ndiyo maana tumepaka makopo chokaa kwa nje na kuyaweka nyuma ya ndoo kubwa. Pale mbele, kwenye moto wote, tumeacha potulaka, lile la majani manene linalofunguka jua likiwaka na kufunga jioni. Hilo halina shida na mtu. Bogenvilia kwa kikonyo inahitaji subira, vingi vinakauka, usilie.

Jeraniamu ndiyo rahisi. Kata tawi urefu wa kidole, toa majani ya chini, liache lipumzike kidonda kikauke, chomeka. Tuna matawi ya kutosha mwezi huu. Njooni Jumamosi baada ya saa 9, na kila mtu aje na kopo lake, limeshatobolewa, kwa sababu msumari tulio nao ni mmoja.