Serikali Ikivunja Mkataba, Nani Hulipwa?

Wakenya wengi wanaikumbuka habari ya barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2020 na kundi la kampuni za Kifaransa, kisha ukavunjwa kabla ya ujenzi kuanza. Mjadala uliozuka hapa ulikuwa wa fidia ya wawekezaji. Kwa kuwa kampuni hizo zimetoka Ufaransa, naona inafaa tuitazame sheria ya huko. Swali la nani analindwa mkataba wa umma unapokufa limejibiwa mara mbili nchini humo, na majibu yenyewe hayafanani.

Jibu la kwanza lilikuwamo katika sheria ya mikataba ya ushirikiano baina ya serikali na kampuni za kibinafsi, iliyotolewa tarehe 17 Juni 2004. Kampuni hukopa, hujenga na hutunza jengo. Serikali hulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, mara nyingi ishirini au thelathini. Baraza la Katiba lilikuwa limekwisha kuonya mwaka 2003 kuwa njia hii isifanywe mazoea, bali itumike penye haraka ya kweli au penye mradi mgumu usio wa kawaida. Hata hivyo, mwaka 2008 Bunge likafungua mlango wa tatu, na serikali na mabaraza ya miji wakaingia kwa pupa. Mwaka 2017 wakaguzi wakuu wa hesabu za serikali waliishauri Wizara ya Sheria iachane na njia hii katika ujenzi wa mahakama na magereza.

Lakini mfano unaouma zaidi ni wa kodi ya malori. Mwezi wa Oktoba 2011 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Ecomouv ili iweke mitambo na kuikusanya kodi hiyo. Watu wa Bretagne wakaghadhibika, wakavaa kofia nyekundu na kuing'oa mitambo barabarani. Mnamo Oktoba 2013 kodi ikasimamishwa. Mwaka uliofuata mkataba ukavunjwa. Serikali ikalipa fidia ya takriban euro milioni 958 kwa kodi ambayo haikupata kukusanywa! Haya hayakuwa hisani. Fidia ya mwenye mtaji ilikuwa imeandikwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza. Wafanyakazi walioajiriwa mjini Metz kwa kazi hiyo walipoteza ajira, na vyama vyao vikalazimika kukaa na mwajiri kuyajadili masharti ya kuachishwa kazi wakati msiba umekwisha kuingia nyumbani.

Jibu la pili ni la mikataba ya pamoja ya kazi, na hapa Wafaransa wana jambo la kuigwa. Tangu sheria ya Juni 1936, iliyofuata migomo mikubwa ya mwaka huo, waziri anaweza kuamuru kwamba mkataba uliofikiwa na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi uwafunge waajiri wote wa sekta hiyo, hata wale ambao hawakuutia saini. Ndiyo sababu katika nchi ambayo mfanyakazi mmoja tu kati ya kumi ni mwanachama wa chama, zaidi ya tisa kati ya kumi wanalindwa na mkataba wa pamoja.

Mtazame msafishaji katika jengo la umma. Kampuni yake ikinyang'anywa zabuni, sheria ya kazi ya jumla haimlazimishi mrithi wa zabuni kumchukua, kwa kuwa mahakama ziliamua kwamba kupotea kwa zabuni peke yake si kuhamishwa kwa biashara. Pengo hilo limezibwa na mkataba wa sekta ya usafi: aliyefanya kazi mahali hapo kwa miezi sita, na kutumia hapo angalau asilimia 30 ya saa zake, huhamia kwa mwajiri mpya pamoja na kazi yake. Kwa maoni yangu kinga hii ni bora kuliko hotuba mia za wanasiasa, maana haimngoji waziri aone huruma.

Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2016 na amri za Septemba 2017 zilidhoofisha mikataba ya sekta na kuyapa makubaliano ya kampuni moja moja nguvu zaidi. Vyama viliandamana, na sioni kwamba vilikosea. Hata hivyo, amri hizo hizo ziliacha mambo kumi na matatu mikononi mwa sekta, na mojawapo ni hili la wafanyakazi kuhama pamoja na zabuni. Sekta isiyokuwa na kifungu cha aina hiyo katika mkataba wake, wafanyakazi wake hubaki mlangoni zabuni inapobadilika mikono, huku mwenye mtaji akiisoma hesabu ya fidia yake katika karatasi aliyotia saini siku ya kwanza.