Gari la Fahari na Amani ya Nyumba



Barua ya juma hili imetoka mbali na bahari. Mwandishi wake ni binti wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeolewa bara na ambaye sasa makazi yake ni Bungoma. Mumewe hufanya biashara ya mahindi Kitale, na kila juma huenda na kurudi. Miezi miwili iliyopita mume huyo alinunua gari aliloliota tangu ujana wake, Subaru Legacy S402 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Sehemu ya fedha ilitokana na dhahabu ya mkewe, aliyoiuza kwa hiari yake.

"Niliitoa kwa mapenzi," anaandika, "lakini tangu gari hili liingie uani sijalala usingizi wa raha. Akichelewa barabarani moyo wangu hunienda mbio. Na kijana wetu wa miaka 19 ameanza kuomba ufunguo. Je, nimwambie mume wangu aliuze? Na ikiwa haliuzwi, tulitunzeje?"

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Sitakuambia uliuze wala usiliuze, kwani hilo ni shauri la wewe na mumeo. Nitakueleza ni kitu gani mmekileta nyumbani, kisha mtaamua mkiwa na macho.

Kwanza, usimwone mumeo kuwa amerukwa na akili. Vijana wa Kenya wa rika lake walikua wakiyatazama magari ya Subaru yakirusha vumbi katika mashindano ya Safari Rally. Walimwona Mkenya mwenzao Patrick Njiru akiyaendesha, na walimwona Colin McRae akishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wawili kwa Impreza. Mapenzi yaliyoingia moyoni mapema hayatoki kwa kukemewa.

Gari mlilo nalo si Legacy ya kawaida. Lilitolewa Japani mwaka 2008, na idadi yake ilikuwa 402 tu, kama jina lake linavyoeleza. Lina injini ya lita mbili na nusu yenye turbo, nguvu za farasi 285, na breki kubwa kuliko za ndugu zake. Hata mabawa yake ya mbele yalitanuliwa kwa ajili ya toleo hilo peke yake. Nalo halitaongezeka nchini. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo yale yaliyosajiliwa mwaka 2008 yalifungiwa mlango tangu Januari 2016. Uchache huo ndio fahari yake, na ndio mzigo wake pia. Kipande cha kawaida kikivunjika mtakipata kwa wauza vipuri. Kikivunjika kile cha toleo hilo, huenda mkasubiri miezi kadhaa kiletwe kutoka Japani, na bei yake haitakuwa ya mchezo.

Anzeni na karatasi. Hakikisheni kwamba umiliki umehamishwa rasmi katika mfumo wa NTSA, usibaki kwa ahadi ya muuzaji tu. Kama hamkufanya hivyo kabla ya kulipa, ombeni sasa taarifa ya gari hilo ili mjue kama halikuwekwa rehani kwa mkopeshaji. Wako watu waliolipa fedha taslimu, kisha wakaja kunyang'anywa gari kwa deni la mwenye nalo wa kwanza. Linganisheni namba ya chasisi iliyochongwa kwenye bodi na ile iliyoandikwa katika hati. Vibandiko na nembo za toleo maalumu hununuliwa na kubandikwa juu ya gari lolote, ila namba ya chasisi ndiyo isemayo ukweli. Ikiwa karatasi ya mnada wa Japani ipo, isomeni: herufi R hapo humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Msiiamini saa ya kilomita peke yake, maana hurudishwa nyuma kama mtu arudishavyo saa ya ukutani.

Pili, mtafuteni fundi aliyezoea injini za Subaru zenye turbo, hata ikibidi kwenda Eldoret au Nairobi kwa siku moja. Mwambieni apime mgandamizo wa kila silinda. Mwulizeni mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi, na kama hakuna risiti, ubadilisheni bila kungoja, kwani ukikatika injini ikizunguka, vali hukutana na pistoni na injini ikafa palepale. Gharama ya mkanda ni ndogo mbele ya gharama ya injini.

Tatu, oili. Injini hizi zina tabia ya kuila, na oili ikipungua, turbo na beringi ndizo zitangulizazo kuumia. Ipimeni kila juma, gari likiwa mahali tambarare na injini imetulia. Asubuhi lisikimbizwe mpaka injini ipate moto, na baada ya mwendo mrefu liachwe lingurume taratibu dakika moja hivi kabla ya kuzimwa, ili turbo ipoe.

Nne, petroli. Injini hii ilirekebishwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, inayokaribia oktani 100. Petroli ya supa inayouzwa katika vituo vyetu vingi haifiki hapo. Mafuta dhaifu chini ya mguu mzito huifanya injini igonge kwa ndani, na kugonga huko huvunja pistoni. Basi nunueni mafuta ya daraja la juu panapopatikana, na mwombeni fundi mwenye vyombo airekebishe kompyuta ya injini ilingane na mafuta ya hapa. Mumeo akisikia mlio kama wa kokoto ndani ya injini anapopanda mlima, apunguze mguu mara moja. Na asishawishiwe na vijana wa gereji waongezao nguvu kwa kubadili vyombo. Gari la namna hii thamani yake ni uasili wake, na kila chombo cha asili kinachoondolewa huondoka na sehemu ya thamani hiyo.

Tano, tairi. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni: mbili za juma na mbili za mwaka. Ikiandikwa 3417, ilitengenezwa juma la 34 la mwaka 2017. Tairi iliyopita miaka sita ishukiwe hata kama meno yake bado yanapendeza. Gari lenu lina rimu za inchi 18 na tairi nyembamba, na shimo moja la barabarani laweza kupasua tairi na kupinda rimu kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye barabara, kwani najua hapo ndipo usingizi wako ulipopotelea. Mumeo atokapo Kitale huwa juu, kama mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, naye huteremka kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha hushika barabara kuu ya malori yaendayo Malaba mpaka Bungoma, ambako ni chini kwa karibu mita 500. Gari lenye nguvu kwenye mteremko hupata mwendo bila dereva kujua. Msimu wa mavuno kuna matrekta ya mahindi, na karibu na Bukembe kuna ya miwa, na mengine hayana taa nyuma. Kuna bodaboda zinazoingia barabarani bila kutazama, na kuna matuta yasiyopakwa rangi yatakayokwangua tumbo la gari lililo chini namna hiyo. Mvua za alasiri nazo huacha tope barabarani pale njia za mashambani zinapoungana na lami.

Kwa hiyo, mwekeane masharti ya safari, na uyaombe kwa upole wakati mumeo amekwisha kula na kupumzika. Asisafiri usiku kama biashara haikumlazimu. Ndani ya miji na vituo vya biashara asizidi kilomita 50 kwa saa, kama sheria isemavyo. Mikanda ifungwe na wote, hata wa nyuma, na watoto wadogo wawe na viti vyao. Dua ya safari isomwe kabla ya kuondoka, na isomwe na mtu aliyekwisha kukagua tairi zake, kwani tumefundishwa kumfunga ngamia kisha ndipo tutawakali. Asiendeshe akiwa na usingizi baada ya kuamkia sokoni alfajiri. Na wewe kwa upande wako usimpigie simu akiwa njiani ukitaka ajibu. Kubalianeni kwamba atakupigia akisimama Webuye.

Kuhusu kijana wenu, jibu langu ni fupi: asipewe ufunguo. Gari la nguvu za farasi 285 si la kujifunzia. Tena kampuni nyingi za bima huweka masharti magumu kwa dereva kijana au mwenye leseni changa, na akigonga huenda mkalipa wenyewe sehemu kubwa. Ajifunze kwa gari dogo, na baba yake amwahidi siku ya kulijaribu akiwa ameketi pembeni yake, ili katazo lisigeuke kishawishi cha kuuiba ufunguo.

Nimetaja bima. Ile ya mtu wa tatu haitoshi hapa. Chukueni bima kamili, na kwa anayependelea njia ya takaful, huduma hiyo ipo nchini Kenya tangu 2011. Kabla ya kutia saini, mwiteni mthamini aandike wazi kwamba hili ni toleo la S402, na apige picha za vyombo vyake maalumu. Msipofanya hivyo, siku ya msiba mtalipwa bei ya Legacy ya kawaida, na hasara itakuwa yenu.

Nimebakisha jambo la dhahabu makusudi. Mwanangu, ulisema uliitoa kwa mapenzi, lakini hukusema kama ilikuwa zawadi, mkopo au hisa. Naona hofu yako nyingine imejificha hapo. Mali ya mke ni mali yake katika dini yetu, na aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuelekeza kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Kuandika hakuvunji mapenzi. Kuna nyumba ngapi zilizovunjwa na maneno ya "nilidhani"? Kaeni wawili, mseme dhahabu ile ilikuwa nini, mwandike karatasi moja na mashahidi wawili. Pia wekeni kando fungu la kila mwezi kwa ajili ya matengenezo, lisilotokana na karo za watoto wala matumizi ya nyumba. Ikiwa fungu hilo halipatikani, basi gari hilo limewazidi kimo, na kuliuza mapema likiwa zima ni busara isiyo na aibu. Ikiwa linapatikana, na mumeo akayakubali masharti ya barabara, mwachie furaha yake na umshukuru Mola kwa neema hiyo.

Na jambo la mwisho ni lako wewe. Mwambie fundi akuonyeshe kijiti cha kupimia oili kilipo, na alama zake mbili zina maana gani. Kila Ijumaa asubuhi, kabla mumeo hajaondoka, kipime kwa mkono wako. Utakuwa mwenye mali anayeijua mali yake, na nadhani usiku huo utalala.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.