Hakimu Alimpa Miezi 6, Sisi Tukamwongezea Maisha

Wasee, tuongee ukweli. Huku kwetu mtu akitoka jela tunasema amemaliza kifungo. Si kweli. Kile cha hakimu ndicho kimeisha. Chetu ndio kinaanza, na hakina tarehe ya mwisho.

Chukulia kijana wa hapa Kabati ameshikwa na magunia ya mkaa bila kibali, ama amepigana siku ya soko. Anapelekwa kortini, anapigwa faini, pesa hakuna, anaingia ndani miezi 6. Nyumbani mwaitu anauza mbuzi wawili, anatafuta nauli ya kwenda kumwona. Hiyo gharama kila mtu anaiona.

Ile hatuioni inaanza akishatoka. Ni ile karatasi ya DCI, Good Conduct. Unaomba kwa eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Kwako wewe ni usumbufu tu wa kupanga foleni. Kwake ni hukumu ya pili. Kampuni za soja wanaitaka. Ukitaka TSC ikusajili ufundishe, wanaitaka. Ajenti wa kazi za Qatar na Saudia pia anaitaka. Na mwajiri akiona kuna rekodi, ni wangapi huuliza lilikuwa kosa gani, ama ni miaka mingapi imepita? Anachukua mwingine, basi.

Sasa cheki hii. Katiba ya 2010, Kifungu cha 99, inamzuia kugombea ubunge mtu aliye na kifungo cha angalau miezi 6 siku ya kujiandikisha ama siku ya kura. Tena hazuiliwi mpaka rufaa zote ziishe. Kwa hivyo mkubwa anaweza kuhukumiwa leo, akate rufaa, na jina lake bado liwe kwa debe. Sisemi rufaa ni mbaya, ni haki yake. Nauliza tu: mbona kwa mheshimiwa tuna subira hivi, na kijana wa mkaa, ambaye ameshamaliza kifungo chake chote, hawezi hata kulinda geti la huyo mheshimiwa?

Najua kuna mtu anasema, "Na aliyeibiwa je?" Swali la maana. Aliyeibiwa anataka haki, na anataka asiibiwe tena. Hiyo ya pili hutaipata kwa kumfungia mtu kila mlango. Kijana wa miaka 22 asiye na kazi na asiyeaminika atakula nini? Wale aliokutana nao ndani ndio watampigia simu kwanza.

Na watu hubadilika. Pete Ouko alikaa jela miaka 18, akasomea sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa Kamiti, akatoka 2016 kwa msamaha wa rais. Leo anajulikana kwa Crime Si Poa, kazi ya kuwavuta vijana mbali na uhalifu. Lakini mtu asihitaji masomo ya sheria na msamaha wa Ikulu ndio tumpe kazi ya kusukuma mkokoteni.

Kuna njia. Uingereza wana sheria tangu 1974: ukikaa muda uliowekwa bila kosa jipya, hukumu nyingi huhesabika zimekwisha, na kwa kazi nyingi hulazimiki kuzitaja. Kazi za kukaa na watoto wanazichuja zaidi, na ni sawa. Sisi nasi tuwe na muda wa rekodi ndogo kuisha, na ujulikane na kila mtu.

Halafu makosa madogo yasiishie jela hovyo. Tuna sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998, inayomruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya umma badala ya kifungo cha hadi miaka 3. Hakimu akimwambia kijana achimbe mitaro na kupanda miti hapa Kabati, mwaitu anabaki na mbuzi wake, na sisi tunapata mtaro.

Sehemu yetu haihitaji Bunge. Ukiwa na duka, shamba la ndengu ama pikipiki ya kukodisha, na akuje mtu uliyesikia "alikuwa ndani", muulize alifanya nini, lini, na sasa anaweza kufanya nini. Halafu uamue. Hata hakimu alimsikiza kwanza.