Jina Halilipi Kodi ya Nyumba

Kuna kauli imeota mizizi katika kazi ya uigizaji wetu, na kila ninapoisikia damu hunichemka. Kijana amerekodi sini zake tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, anauliza malipo yake kwa adabu, anajibiwa: "Mdogo wangu, wewe sasa hivi unatafuta jina, fedha zitakuja zenyewe." Anapewa nauli ya bodaboda, na tumboni ana wali maharage wa lokesheni. Siku hizi kauli hiyo imepata pacha wake: "Bajeti imepungua." Basi asiye na jina hulipwa kiduchu kwa kuwa hana jina, na aliyekwisha kulipata hupunguziwa kwa kuwa bajeti imepungua. Nielezeni, enyi wenye hekima, ni lini hasa mwigizaji wa tamthilia atalipwa?

Sina haja ya kumfundisha msomaji wangu kwamba ujira wa mtu ni amana. Aliyesoma madrasa anajua tulivyoamrishwa kumlipa mwajiriwa jasho lake lingali mwilini, na aliyelelewa kanisani anajua jinsi ujira uliozuiwa unavyomlilia Mungu. Hayo tumekubaliana tangu tungali watoto. Ninachouliza ni kwa nini amri tunayoiitikia Ijumaa na Jumapili tunaiacha nje ya geti la studio ifikapo Jumatatu.

Wala sikatai kwamba fedha zimepungua. Zimepungua kweli, na si kwetu tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Hebu tuwatazame walionyolewa kwanza.

Huko Marekani tamthilia za kila siku zilianzia redioni, zikigharimiwa na wauza sabuni. Guiding Light ilianza mwaka 1937, ikahamia televisheni 1952, nayo ilikuwa mali ya kampuni ya Procter & Gamble. Fedha zilikuwepo. Nyota alipewa mkataba wenye dhamana: akiahidiwa sehemu tatu kwa wiki, alilipwa tatu hata kama mwandishi wa skripti alimtumia katika mbili. Kisha wanawake waliokuwa wakishinda nyumbani wakaingia kazini, chaneli zikawa utitiri, intaneti ikaja ikakomba kilichobaki, na wenye matangazo wakafunga pochi. Malipo ya kila sehemu yakashushwa. Halafu idadi ya sehemu zilizodhaminiwa ikapunguzwa. Halafu wengine wakatolewa kwenye mkataba kabisa, wakawa wa kuitwa siku wanapohitajika, kama vibarua wa bandarini.

Hata waliokuwa nguzo hawakusalimika. Mwanzoni mwa 2009 tamthilia ya Days of Our Lives iliachana na Deidre Hall na Drake Hogestyn, wapenzi wa kwenye skrini ambao watazamaji waliwafuata kwa miaka na miaka, na sababu ilikuwa bajeti. Guiding Light yenyewe ilikuwa imekwisha kuhamishia kamera za mkononi katika mji mdogo wa Peapack, New Jersey, ili kubana matumizi. Haikusaidia kitu, Septemba 2009 ikazimwa ikiwa na miaka 72. Mwaka uliofuata ikafuata As the World Turns. All My Children ilipoondolewa 2011, nafasi yake ilipewa kipindi cha mapishi na soga kiitwacho The Chew, maana kumlipa mtu akaange vitunguu huku akicheka ni rahisi kuliko kulipa ukoo mzima wa waigizaji, waandishi na mafundi wa seti. Novemba 2019 waigizaji wote wa Days walifunguliwa mikataba yao kwa mkupuo, na mwaka 2022 tamthilia hiyo ikaondoka kituo cha NBC ikahamia Peacock, huduma ya mtandaoni ya kulipia.

Lakini, na hapa naomba vijana wangu waigizaji mweke simu chini kidogo, wale watu walipoporomoka waliporomokea sakafuni, hawakuporomokea shimoni. Chama chao, ambacho leo kinaitwa SAG-AFTRA, kilikwisha kuandikiana na wenye studio kiwango cha chini kwa kila siku ya kazi. Prodyuza anaweza kulia bajeti mpaka machozi yamkauke, lakini chini ya kiwango hicho hashuki. Na mwigizaji mwenye maneno matano tu katika sehemu nzima, hata yeye ana kiwango chake kilichoandikwa. Kwetu mwenye maneno matano huambiwa ashukuru kwa kuonekana.

Mtasema Marekani ni mbali. Haya, tushuke Afrika Kusini, ambako Watanzania wengi tuliwajua waigizaji kwa majina kupitia Isidingo iliyokuwa ikirushwa na ITV. Jioni ilipofika mitaa ilinyamaza. Tamthilia ile ilidumu tangu 1998 hadi Machi 2020, shirika la utangazaji la SABC lilipoamua kwamba watazamaji na mapato vimeshuka mno. Ila kisa cha kutazama kwa makini ni cha Generations. Mwaka 2014 waigizaji wake 16 waligoma. Walitaka nyongeza, mikataba mirefu zaidi, na sehemu ya fedha za marudio na za mauzo ya nje. Nani atasema walidai dhambi? Tamthilia yao ilikuwa ikitazamwa kuliko karibu kila kipindi nchini humo. Agosti mwaka huo wote 16 walifukuzwa. Tamthilia ikasimama kwa miezi miwili, na tarehe 1 Desemba ikarudi na sura mpya na jina lililorefushwa, Generations: The Legacy.

Nasema walikuwa na haki, na kilichowaponza hakikuwa madai yao. Sheria za kazi za kule humhesabu mwigizaji kuwa mkandarasi huru, hivyo ngao anayoipata mfanyakazi wa kiwandani haimfuniki. Mnyonge hana haki, walisema wazee, na watu 16 wasio na sheria nyuma yao ni wanyonge hata wakiwa na mashabiki mamilioni.

Sasa turudi nyumbani, ambako hata hao 16 wa kusimama pamoja hatuwapati. Waigizaji wetu walianzia kwenye vikundi kama Kaole, wakahamia kwenye filamu za kanda na DVD zilizouzwa Kariakoo, soko hilo likafa kwa wizi wa kunakili na kwa vibanda umiza, wakakimbilia tamthilia za ving'amuzi. Palikuwa na ahueni, nakiri. Chaneli ya Maisha Magic Bongo iliwapa watu kazi ya mfululizo. Lakini mwenye king'amuzi naye ameanza kutweta: MultiChoice ilipoteza wateja milioni 2.8 katika miaka miwili iliyoishia Machi 2025, na Septemba mwaka huo huo ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Tajiri mpya akiingia nyumbani hukagua chungu kwanza. Punguzo likitoka juu huteremka kwa chaneli, kwa prodyuza, kwa dairekta, na kamba hukatikia pabovu. Pabovu ni pale aliposimama mwigizaji.

Enyi maprodyuza, msinune. Najua mnakopa, najua jenereta hainywi maji, na wengine mmeuza viwanja ili sehemu kumi za mwanzo zikamilike. Nawavulia kofia. Lakini nimewaona pia siku ya uzinduzi: zulia jekundu, ukumbi wa hoteli, keki yenye orofa, gari limekodishwa kwa saa mbili ili mtu ashuke mbele ya kamera. Bajeti ya keki haikupungua. Iliyopungua ni ya mama aliyeigiza msiba, akalia kweli kweli mara saba kwa sababu dairekta hakuridhika na mwanga. Hiyo ni punda afe mzigo ufike, na mzigo wenyewe ni picha yenu gazetini.

Nanyi waigizaji, msifurahi mno, zamu yenu imefika. Nyinyi ni watu wa thamani; bibi asiyejua kusoma anawafuatilia na kuwaombea dua kama wajukuu zake, na hakuna waziri anayependwa hivyo. Ila kikulacho ki nguoni mwako. Mwenzenu akikataa malipo ya dharau, kesho yake watano wako getini wakisema watafanya kwa nusu. Mkiulizana mnalipwa kiasi gani, kila mmoja anatia chumvi ili aonekane mkubwa, na prodyuza anacheka kwa sababu yeye peke yake ndiye ajuaye ukweli. Mficha uchi hazai. Na mikataba je? Wengine mnatia saini juu ya boneti ya gari, karatasi hamjaisoma, nakala hamkupewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na ndani yake mtumbuizaji ana haki zake; ni wangapi kati yenu wamewahi kuifungua?

Halafu tuko sisi watazamaji, wapenzi wa kutoa pale pasipohitajika. Kenya ilimpenda mchekeshaji Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, jina lake halisi Benson Wanjau, kwa miongo mingi. Uzeeni macho yalipomsumbua, wasamaria walichangishana ili atibiwe; alifariki Julai 2015. Sisi nasi Aprili 2012 tulifurika viwanja vya Leaders kumuaga mwigizaji Kanumba mpaka watu wakazirai. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli, sina shaka nayo. Lakini wengi waliozirai siku ile filamu zake walikuwa wamezitazama kwenye nakala za wizi.

Na kwa kuwa nimegusa michango, msomaji niruhusu nitoe hili linalonikaba kooni. Mtu asiyelipia kifurushi cha mwezi, anayemwambia mwigizaji jirani yake "nirushie kwenye flashi", huyo huyo yumo katika makundi matatu ya WhatsApp ya kamati za harusi, na kila kundi ameahidi laki. Anakopa ili amlipie mtu asiye ndugu wala rafiki kula pilau na kuvaa sare! Vikao vya kamati vinachukua miezi, vina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na mihtasari inasomwa na kuthibitishwa. Kumbe nidhamu ya fedha tunayo, daftari tunalijua, kudai tunaweza. Mwenye harusi anakupigia simu mara nne kukukumbusha ahadi. Laiti waigizaji wetu wangedaiana haki zao kwa bidii ya mweka hazina wa kamati ya harusi, wangekuwa na chama cha kutisha.

Narejea kwenye shauri langu. Ikiwa fedha za leo hazitoshi, na nakubali hazitoshi, basi kesho ipo. Tamthilia hairushwi mara moja ikafa. Inarudiwa asubuhi, inarudiwa Jumapili, inauzwa nchi jirani, inawekwa mtandaoni ili Watanzania walioko Muscat na London waitazame wakiwa na kumbukumbu za nyumbani. Prodyuza asemaye hana, aandike katika mkataba kwamba kila marudio na kila mauzo mwigizaji atapata asilimia yake, kuanzia nyota hadi yule mama wa msiba. Aweke kima cha siku, na saa za kazi zikizidi zilipwe. Bajeti ikishuka, awaite wote, aweke hesabu mezani, na aanze kukata kwenye zulia na keki, kisha kwenye posho yake mwenyewe, ndipo awaguse wengine. Waigizaji nao watake nakala ya karatasi kabla ya kupakwa poda.

Na prodyuza akiona masharti hayo ni mazito, kamera ni yake na skripti ni yake. Aigize mwenyewe.