Si mwili uliozoea dawa
Mwandishi aliyedai kwamba mwili "huzoea" dawa za saratani, na kwamba mgonjwa afadhali azipumzishe, amewapotosha watu walio hatarini. Kinachobadilika ni seli za saratani zenyewe, si mwili wa mgonjwa.

Tazama lukemia sugu ya mailoidi. Kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana vipande, jeni mbili, BCR na ABL, zikaungana, na protini inayotokana nazo huamrisha seli za damu zigawanyike bila kikomo. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujipachika kwenye protini hiyo na kuizima. Mwaka huohuo watafiti walieleza kwa nini baadhi ya wagonjwa walirudiwa na ugonjwa: herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika, na katika nafasi ya 315 ya protini, asidi amino iitwayo threonini ikawa isoleusini. Dawa haikupata tena pa kushika.

Seli yenye badiliko hilo haikuzoea chochote. Kosa hutokea kwa bahati DNA inaponakiliwa, wakati mwingine hata kabla ya dozi ya kwanza. Dawa huua seli jirani, yenye kosa ikabaki ikizaana. Kuacha vidonge bila daktari kunazifungulia hata seli zilizokuwa zimedhibitiwa. Mgonjwa aliyerudiwa anastahili kupimwa jeni na kubadilishiwa dawa, si kuambiwa apumzike: ponatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, iliundwa kukabili badiliko hilohilo la 315.