Ukuta Wako na Usalama wa Jirani



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, Waisraeli waliagizwa kwamba ajengaye nyumba mpya auzungushie ukingo paa lake, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka kutoka juu. Hiyo ni kanuni ya ujenzi. Nayo imewekwa miongoni mwa maagizo ya Mungu, kwa kuwa uhai wa jirani si jambo dogo mbele zake.

Sisi tukaao Mwanza, mji wa miamba na vilima, agizo hilo latuhusu. Katika miteremko ya Mabatini na Igogo, apataye kiwanja hukata mlima ili apate mahali tambarare, kisha hujenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo. Ukuta huo si sawa na uzio. Husukumwa na udongo usiku na mchana, na mvua ikinyesha, udongo ulioloa huwa mzito zaidi. Ukikosa msingi mpana, kokoto nyuma yake na matundu ya kutolea maji, siku moja utaanguka. Nao mara nyingi haumwangukii aliyeujenga, bali aishiye chini yake.

Ndiyo maana ya kibali. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yakataza kuendeleza ardhi ya mjini bila idhini ya mamlaka ya upangaji. Wengi hukiona kibali kuwa ni tozo tu, au mtego wa mgambo. Kwa kweli, kibali ni sauti ya jirani wa chini, ambaye hakuulizwa mlima ulipokatwa juu ya nyumba yake.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Mwombaji hudaiwa uthibitisho wa umiliki na michoro ya mtaalamu. Mjane aliyenunua kiwanja kwa karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa atavipata wapi? Akivikosa, hujenga kwa haraka na kwa saruji haba, akiogopa kuwekewa alama ya X. Hivyo sheria iliyokusudiwa kulinda uhai humsukuma mnyonge kwenye hatari kubwa zaidi.

Kwa hiyo twaiomba halmashauri: michoro ya mfano ya kuta fupi itolewe bure katika ofisi za kata, ada ilingane na kimo cha ukuta, majibu yatolewe kwa maandishi na kwa wakati, na mkaguzi apande mlimani msingi unapochimbwa, si baada ya maafa.

Nasi tusijitoe lawamani. Parokia iombe kibali kwa kuta zake yenyewe, iwe mfano. Jumuiya Ndogo Ndogo zimsindikize asiyejua kuandika barua ya maombi. Ajengaye juu amwite wa chini, wakubaliane maji yatapita wapi.

Na ukuta ukianguka, tusikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu. Kuhusu wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana wetu alikataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi tusiwachunguze waliofukiwa. Tuulize: nani aliujenga ukuta ule, na nani alipaswa kuukagua?